Gemu Yenye Mwenyewe

Saa kumi na moja jioni, Alhamisi ya tarehe 4 Septemba 2025, maduka makubwa ya gemu mtandaoni yalielemewa kwa mpigo. Steam, Nintendo, PlayStation, Xbox, kote hadithi ni moja: unabonyeza kununua, kiduara kinazunguka weee, kisha unaambiwa ujaribu baadaye. Kuna waliodhani bando limekata. Kumbe dunia nzima ilikuwa imejipanga kwenye mlango mmoja, na kilichokuwa kikigombaniwa hakikutoka kwa kampuni kubwa yoyote. Ni Hollow Knight: Silksong, gemu ya mdudu wa kike mwenye sindano, iliyochorwa kwa mkono na kundi la watu watatu wa Adelaide, Australia, na kuuzwa dola 20.

Hao watatu, wanaojiita Team Cherry, waliitangaza Februari 2019. Mwanzoni ilikuwa nyongeza tu ya gemu yao ya kwanza, iliyotoka 2017. Nyongeza ikanenepa ikawa gemu kamili, halafu kimya. Miaka sita na nusu. Mashabiki waliigeuza subira hiyo kuwa utani, utani nao ukawa kama dini ndogo. Tarehe ya kutoka ilitajwa wiki mbili tu kabla, na studio kadhaa ndogo zilizokuwa zimepanga kutoa kazi zao siku zilezile zikasogea pembeni, kama ngalawa zinavyoipisha meli.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini watu wasubiri hivyo. Wanaocheza gemu si watu wa subira. Ni watu wanaoruka maelezo na kugombana na skrini inayosema inapakia. Jibu nililofikia linanisaidia pia kuzipima gemu nyingine za miaka hii miwili: Silksong ina mwenyewe. Simaanishi mwenye hisa. Namaanisha kuna mtu, au watu wawili watatu, wenye uwezo wa kusema hii bado hatuitoi, hii tunaiacha ngumu hivihivi, hii tunaifuta yote ingawa tumeihangaikia mwaka mzima. Ukiishika padi ya kuchezea unamhisi huyo mtu. Unaweza hata kumchukia, na mimi nimemchukia, lakini unajua yupo.

Ukitaka kujua gemu isiyo na mwenyewe inafananaje, kumbuka Concord. Sony waliitoa tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40. Ni ya kupigana risasi, watano kwa watano, michoro safi, bunduki zinaitika vizuri mkononi. Sikumsikia mtu akisema imeundwa ovyo. Lakini ukimuuliza mtu ni gemu ya nini hasa, anakutajia gemu nyingine tatu inazofanana nazo. Kwenye Steam, siku ilipojaza kuliko zote, waliokuwemo kwa wakati mmoja walikuwa 697. Shule ya kata ina wanafunzi kuzidi hapo! Tarehe 6 Septemba wakaizima, wanunuzi wakarudishiwa hela zao, na kabla Oktoba haijaisha Firewalk, studio iliyoiunda, ikafungwa.

Niliwahurumia wale vijana wa Firewalk. Mafundi walikuwepo, na fedha ilikuwepo. Ila gemu yenyewe ilizaliwa kama jibu la swali la wahasibu: wachezaji wa aina hii ni wengi, je, sisi fungu letu liko wapi? Swali hilo linaweza kuzaa kiwanda cha soda. Gemu inataka swali la namna nyingine.

Chukua Clair Obscur: Expedition 33, iliyotoka tarehe 24 Aprili 2025. Studio yake, Sandfall Interactive, iko Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Guillaume Broche, aliyeiongoza kazi hiyo, alikuwa ameajiriwa Ubisoft, moja ya kampuni kubwa za gemu, akaondoka kwenda kutengeneza aina ya gemu ambayo kampuni kubwa zilishaifanyia matanga: gemu ya kupigana kwa zamu. Wewe unapiga, adui anangoja. Adui anapiga, wewe unangoja, kama wazee kwenye bao. Kwa miaka mingi tuliambiwa vijana wa leo hawana uvumilivu wa kungoja zamu.

Hadithi yake inaanzia kwenye jiji linaloitwa Lumière. Ng'ambo ya maji umesimama mnara wenye namba. Kila mwaka kiumbe mwanamke, mkubwa kama kilima, huamka, huifuta namba iliyopo na kuandika inayoifuata kwa kushuka. Kila mwenye umri wa namba mpya hugeuka petali na vumbi, akapeperuka mbele ya watu wake. Gemu inapoanza, namba inayoandikwa ni 33. Gustave, unayemwongoza hapo mwanzo, ana miaka 32. Anamsindikiza bandarini Sophie, mwanamke aliyewahi kupendana naye, na Sophie ana miaka 33.

Kwa muda mrefu hapo mwanzo huna vita ya maana. Unatembea tu. Unapita mitaani, unawasalimia watu waliovikwa maua, na kila aliyevikwa maua unajua jioni hatakuwepo. Ni matanga ambayo marehemu mwenyewe yupo, anacheka na wageni, anakuuliza habari za nyumbani. Nimeona filamu nyingi zenye bajeti kubwa zikijaribu kututoa machozi kwa kumuua mtu ambaye tumemjua kwa dakika tano. Hawa wamemuua mtu niliyemjua kwa dakika ishirini, nami nikaiweka padi chini, nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuwa na hamu nayo.

Baada ya hapo ndipo vita vinaanza, na ndipo Broche anapowajibu waliosema kungoja zamu kumepitwa na wakati. Zamu ya adui nayo ni yako. Anaponyanyua silaha unaweza kukwepa, au ukiwa na moyo unaweza kukinga pigo lilelile linapofika, na ukiyakinga yote kwa usahihi mtu wako anarudisha kwa nguvu. Kila adui ana mdundo wake. Kuna wanaokuhadaa: mkono unapanda, unasita, unasita tena, kisha unashuka wakati wewe umeshabonyeza. Wiki ya kwanza nilikuwa napigwa kama ngoma. Wiki ya pili nikaacha kutazama mikono yao nikaanza kuwasikiliza, na mambo yakabadilika.

Iliuza nakala milioni 1 kwa siku tatu, bei dola 50, wakati kampuni kubwa zilikuwa zimezoea 70 na zinainyemelea 80. Desemba 2025, kwenye tuzo za The Game Awards, ikabeba tuzo tisa, ikiwemo ya gemu bora ya mwaka. Haijawahi kutokea gemu ikabeba nyingi hivyo pale usiku mmoja.

Hapa sina budi kusema kitu ambacho mashabiki wenzangu hawakipendi. Habari ya kwamba gemu hii imetengenezwa na watu thelathini imesimuliwa mpaka imekuwa ngano. Thelathini hao ndio kiini cha timu, kweli. Lakini subiri majina yanayoonyeshwa mwishoni mwa gemu yapite: wahuishaji wa Korea, wanamuziki, waigizaji wa sauti, wajaribishaji, watafsiri, na fedha za mchapishaji, Kepler Interactive. Juu ya hayo yote kuna Unreal Engine 5, zana ya kuundia gemu ambayo wao hawakuitengeneza. Nalisema hili kwa sababu tayari nimewasikia watu wakilitumia kama fimbo: mbona wale thelathini wameweza, ninyi mia tatu mnafanya nini? Fimbo hiyo huishia mgongoni mwa mfanyakazi, kamwe haimfikii aliyeitisha kikao.

Na kuna doa. Baadaye Desemba hiyohiyo, waandaaji wa Indie Game Awards, tuzo za gemu za studio zinazojitegemea, waliinyang'anya gemu hii tuzo walizokuwa wameipa, kwa kuwa studio ilikuwa imetumia akili mnemba kutengeneza picha fulani za kushikilia nafasi, zikasahaulika ndani ya gemu siku ya kutoka, kisha zikaondolewa. Ni picha chache, wengi wetu tulipita mbele yake bila kuziona. Kwangu mimi haliiangushi kazi nzima. Lakini mimi ndiye niliyekuja hapa na hoja ya mwenyewe, kwa hiyo siwezi kujifanya sikuliona. Mtu akiniambia kila kitu humu ndani kimeamuliwa na mkono wa mtu, nami nikakuta hata bango moja ukutani halikuamuliwa na yeyote, nina haki ya kuuliza.

Turudi kwa wale wa Adelaide, maana mwenyewe naye ana ubaya wake. Silksong ni ngumu, na ugumu wake mwingine unatokana na kukosekana kwa mtu wa kuwavuta shati wenye gemu. Maadui wengi wanakula uhai wako mara mbili kwa pigo moja. Ukifa kwa bosi, yaani adui mkuu wa sehemu, mara nyingi unarudi mbali, unarukaruka njia nzima upya, unafika umechoka kabla hujapigana. Sarafu za dunia hiyo ni shanga za tasbihi, na kuna mabenchi ya kupumzikia ambayo hayakupi nafasi mpaka ulipe shanga. Wenyeji wa huko ni mahujaji maskini wanaonyonywa na dini yao, kwa hiyo hata benchi la kulipia lina maana yake. Niliielewa maana hiyo. Nililaani hivyohivyo. Sehemu inayoitwa Bilewater, kinamasi chenye maji ya sumu na funza, siombei hata hasimu yangu aipite. Benchi lipo, wamelificha nyuma ya ukuta. Siku chache baada ya kutoka, Team Cherry wenyewe walipunguza makali ya mabosi wawili wa mwanzo, kwa hiyo si mimi peke yangu niliyelia.

Lakini Hornet, huyo mdudu mwenye sindano, anavyotembea! Nyuzi za hariri anazokusanya kwa kupiga ndizo hizohizo za kujitibu, na hujitibu hata akiwa hewani, akiurudisha uhai mwingi kwa mara moja. Maana yake hofu haikusaidii: ukikimbia huna hariri, usipokuwa na hariri hupati dawa. Gemu inakufundisha ushujaa kwa hesabu, bila kukuhutubia. Hilo mtu hulifikia akiwa na muda wa kutosha na asiye na bosi wa kumwambia robo ya mwaka inaisha.

Nitapita haraka kwa nyingine mbili. Balatro, ya Februari 2024, imetengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk: karata za poka, majokeri ya ajabu, na hesabu inayovimba mpaka unacheka. Inaingia kwenye simu bila kulia nafasi, jambo la heshima kwetu sisi wa kuhesabu megabaiti. Black Myth: Wukong ya Wachina wa Game Science, nzuri sana nayo, inadai gigabaiti 130. Na Split Fiction ya Hazelight, Machi 2025, huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka, lazima muwe wawili, lakini akinunua mmoja rafiki yake anaingia bure. Sisi tuliokulia kwenye banda la gemu, ambako padi ni mbili na atakayefungwa anampisha mwenzake, gemu ya watu wawili kwenye benchi moja hatuhitaji kuelezwa. Josef Fares anayeiongoza studio hiyo ameng'ang'ania wazo hilo gemu baada ya gemu.

Sasa bei. Nintendo waliitoa Switch 2 tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 450 huko Marekani, na Mario Kart World kwa dola 80. Dola 80 ni karibu shilingi laki mbili za Tanzania kwa gemu moja ya kuendesha magari. Watu wanasema subiri Grand Theft Auto VI utaona bei zitakavyopaa. Nayo Novemba 2025 ilisogezwa mbele tena, safari hii hadi tarehe 19 Novemba 2026. Sitaki kubishana sana kuhusu bei, kwa sababu kwetu bei si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni kuruhusiwa kununua.

Mei 2024 wengi walilijua jambo hili kwa mara ya kwanza. Helldivers 2, ya Waswidi wa Arrowhead, ilikuwa imeuza vibaya mno, namaanisha vizuri, miezi mitatu mfululizo. Sony wakatangaza kwamba wanaocheza kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation. Tatizo ni kwamba akaunti hiyo hairuhusiwi rasmi kwenye nchi nyingi, na Steam ikaiondoa gemu sokoni kwenye nchi na maeneo 177. Barani Afrika, Afrika Kusini imo kwenye orodha ya Sony. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walichachamaa kwa niaba ya wenzao, wakaishushia gemu maoni mabaya kama mvua ya masika, na baada ya siku tatu Sony wakarudi nyuma. Nilifurahi, ila nilicheka pia. Huku kwetu tulishazoea kudanganya. Kwenye akaunti yangu mimi ni mkazi wa Uingereza, na anwani niliyoandika ni ya uwanja wa mpira. Sitasema wa timu gani.

Ndiyo maana Tales of Kenzera: ZAU ilinigusa kwa namna ambayo siwezi kuiweka kwenye mizani sawa na zile nyingine. Ilitoka Aprili 2024, dola 20. Mwenyewe ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi walikuwa wameshamsikia bila kumjua: ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Alifiwa na baba yake, akaanzisha studio, Surgent, akaitengeneza gemu kutokana na kilio hicho. Kijana Zau, mganga, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba yake. Kalunga anakubali kwa masharti: kuna roho tatu kubwa zilizokataa kuondoka duniani, amletee. Njia nzima Kalunga anatembea naye, mzee mpole, anaongea naye kama mjomba kwenye msiba.

Ukiitazama kama gemu tu, ina kasoro. Vita vyake vinajirudia, ramani yake haina siri nyingi, na aliyetoka Silksong ataimaliza akiwa ameegemea mto. Lakini ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuchagua wahusika waongee Kiswahili. Sauti zenyewe, za waigizaji, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimecheza gemu tangu enzi za kadi za kumbukumbu za PlayStation 2, na sikuwahi kukutana na gemu ya namna hiyo inayoniambia kitu kwa lugha niliyoota nayo meno.

Hapo ndipo hoja yangu inapopata ufa. Zau ina mwenyewe kuliko gemu yoyote niliyoitaja. Haikumwokoa. Kabla ya miezi mitatu kupita studio ikatangaza kupunguza wafanyakazi, bei ikashushwa hadi dola 15, na Salim akalazimika kuzungumza hadharani kuhusu ubaguzi ambao gemu na timu yake vilirushiwa mtandaoni. Mwaka haujaisha, timu yote ya gemu ikawekwa kwenye notisi ya kupunguzwa kazi. Walirudi Julai 2025 na Dead Take, gemu ya kutisha kuhusu waigizaji wa Hollywood, iliyogharimiwa na Pocketpair wa Japani, wale wenye gemu ya Palworld. Ni gemu kali na ya uchungu. Mmoja wa waigizaji wake, Ben Starr, ndiye sauti ya mhusika Verso kwenye Expedition 33. Ukizicheza mfululizo kama nilivyofanya, unashtuka. Lakini haina Kalunga, na kama Zau atarudi siku moja, sioni nani wa kumlipia nauli.

Niliirudia Zau mwishoni mwa mwaka nilipokwenda nyumbani Tanga. Mama hajawahi kutazama gemu hata moja. Kwake ni kelele za risasi na watoto wasiosikia wakiitwa kula. Usiku ule alikuwa anachambua mchele barazani, mlango uko wazi, Zau naye analia na Kalunga kwa Kiswahili. Nikasikia ungo umenyamaza. Akaja akasimama mlangoni, miwani kichwani, akatazama kwa muda.

"Huyu mtoto kafiwa na nani?"

"Baba yake, Mama."

"Na huyo mzee aliye naye ndiye nani wake?"

Nikamwambia ndiye mauti yenyewe. Mama akavuta kigoda, akakaa na ungo wake mapajani, akaniambia nisiongee nikamharibia, niendelee.